Nina presha au sina?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika miaka 34 ya utabibu nililiona kila siku, na mara chache sana nikapata wasaa wa kulifikiria: namba tunazoandika katika vyeti vya wagonjwa zinasema nini hasa, na ni nani mwenye kuamua zinachosema. Mimi ni afisa tabibu mstaafu, ingawa mtaani bado wananiita daktari na nimechoka kuwasahihisha.

Kilichonisukuma kuandika ni kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Mwezi uliopita kulifanyika upimaji wa afya wa bure katika uwanja wa hapa kwetu, na jioni yake mama mmoja jirani, mwenye umri unaokaribia miaka 55, alikuja nyumbani ameishika karatasi hiyo kama mtu aliyeletewa hati ya kuitwa mahakamani. Palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya bluu 168/98 (namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapopiga, ya chini ni moyo unapopumzika), na chini yake neno moja tu, "Presha". Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza: "Daktari, hebu niambie ukweli, nina presha au sina?"

Nilimwomba aketi kwanza, na katika mazungumzo nikapata habari ambazo karatasi haikuwa nazo. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya reli, akapanga foleni juani, kisha akapimwa akiwa ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono ukining'inia, mkanda wa mashine umefungwa juu ya gauni. Mkanda wenyewe, alisema, "ulikuwa unanibana, halafu unaachia wenyewe," kwa kuwa mama huyu ana mkono mnene na mkanda ule ulikuwa wa saizi ya kawaida. Mashine ilipokuwa inavuma, yeye alikuwa anajibu maswali ya jina, umri na namba ya simu. Na haja ndogo, aliniambia kwa kuinamisha uso, ilikuwa imembana tangu saa nne. Basi akaenda msalani, akarudi, akaketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Tukanyamaza dakika 5, kisha nikampima mara tatu kwa mkanda mpana. Ya kwanza ilisoma 146/88, ya pili 139/84, ya tatu 137/84.

Sasa, Mhariri, presha ya mama huyu ni ipi kati ya hizo? Msomaji wa haraka atasema ni za nyumbani kwangu, kwa kuwa ile ya uwanjani ilipimwa ovyo. Hapo pana mambo mawili tunayoyachanganya. Jua, mwendo, wasiwasi na kubanwa na haja vilipandisha msukumo wenyewe wa damu, kwa hiyo kwa upande huo mashine ilikuwa inasema kweli kuhusu mama aliyekuwa juani saa ile. Lakini mkanda mdogo haukupandisha damu hata kidogo. Ulipandisha namba tu. Watafiti wa Baltimore, Marekani, walitangaza mwaka 2023 kwamba watu wanaohitaji mkanda mkubwa kuliko yote, wakipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu huongezeka kwa karibu 20. Kosa moja liko mwilini na litapita lenyewe, la pili liko kwenye chombo na litarudi kesho na keshokutwa, na karatasi iliyoandikwa 168/98 haina namna ya kutuambia lipi lilichangia kiasi gani.

Nadhani lugha nayo imetuponza. Kiswahili kimekipa kitenzi kimoja kazi nyingi mno. Tunapima unga kwa kibaba, tunapima kitambaa kwa futi, tunapima mimba, tunapima malaria, na tabibu akimwinamia mgonjwa kusikiliza kifua tunasema pia amempima. Kipimo cha mimba kinajibu ndiyo au hapana, ilhali mizani inajibu kiasi gani, na kwa kuwa yote ni kupima tunayadai majibu ya namna moja. Ndiyo maana tunasema fulani "ana presha" na mwenzake "ana sukari", kana kwamba sisi wengine hatuna. Kila anayesoma barua hii ana presha. Asiye nayo ameshapelekwa mochwari.

Swali la jirani yangu si geni kwa wataalamu. Katika Uingereza ya miaka ya 1950 lilizua mabishano makali. Daktari Robert Platt alishikilia kwamba wenye shinikizo kubwa la damu ni kundi la pekee lililotengwa na wengine kwa urithi, karibu kama walivyo wenye selimundu. George Pickering akamjibu kwamba mpaka wa namna hiyo haupo: ukiwapima watu wengi ukawapanga kwa namba zao, kila mmoja anasimama juu kidogo ya mwenzake, na hupati mahali ambapo msururu unakatika ukasema hapa wanaishia wazima na hapa wanaanza wagonjwa. Takwimu zilizokusanywa baadaye zilimuunga mkono Pickering. Kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu inapoongezeka kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi inakuwa zaidi ya maradufu, na kupanda huko kunaanzia chini sana, kwenye kiasi cha 115/75 ambacho hakuna anayekiita ugonjwa.

Kama mpaka haupo, 140/90, namba ambayo mtu akiifikia tunamwambia ana presha, imetoka wapi? Jibu lililonituliza ni la tabibu mwingine Mwingereza, Geoffrey Rose, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipendekeza kwamba shinikizo kubwa la damu lihesabiwe kuanzia pale ambapo kuchunguza na kutibu kunaleta faida kuliko madhara. Tazama jinsi jibu hilo linavyogeuza mambo. Linahusu dawa tulizonazo, madhara yake, gharama yake na maisha ya atakayezimeza, wala halidai kwamba kuna kitu ndani ya mshipa kinachobadilika damu inapovuka 140. Dawa zikiboreka au ushahidi mpya ukija, mpaka unaweza kuhama, na umekwisha kuhama. Novemba 2017 vyama vya magonjwa ya moyo vya Marekani vilishusha mpaka hadi 130/80, na sehemu ya watu wazima wa nchi ile wanaohesabiwa kuwa na presha ikapanda kutoka takriban asilimia 32 hadi 46. Hakuna mshipa wa mtu uliobadilika usiku ule. Mwaka uliofuata wenzao wa Ulaya walibaki kwenye 140/90, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2021 likasema dawa zianzie kwenye 140/90 kwa mtu asiye na maradhi mengine ya hatari. Jirani yangu na 138/84 zake, wastani wa vipimo viwili vya mwisho nyumbani kwangu, akishukia Boston ni mgonjwa, akishukia Paris anaambiwa yuko karibu na mpaka.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo hata baadhi yetu wa kazi hii hulisahau. Mashine ya presha haigusi damu. Aliyeigusa alikuwa Stephen Hales, kasisi wa Kiingereza, ambaye katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 alieleza jinsi alivyoingiza mrija katika mshipa wa farasi na kuona damu ikipanda ndani ya bomba la kioo zaidi ya futi 8. Baada ya hapo tumekuwa tukikisia kutoka nje. Scipione Riva-Rocci wa Italia alituletea mkanda wa kufunga mkononi mwaka 1896. Nikolai Korotkov wa Urusi akaongeza stetoskopu mwaka 1905, na kizazi changu kilifundishwa kusikiliza mlio unapoanza na unapopotea huku zebaki ikiteremka. Mashine za betri za leo hazisikilizi chochote. Zinahisi mtetemo ndani ya mkanda, jinsi unavyokua na kufifia, kisha zinakokotoa namba mbili kwa kanuni ambayo kwa kawaida mtengenezaji haitangazi. Bado tunaandika milimita za zebaki, na katika vyumba vingi hakuna tone la zebaki. Sisemi hivyo kwa dharau, kwani mashine nzuri ya betri inamzidi tabibu aliyechoka. Nasema tu kwamba kinachosomeka kwenye kioo ni hitimisho, na hitimisho lina masharti yake.

Masharti hayo ndiyo yanayoipa namba maana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2015, wenye washiriki zaidi ya 9,300, ulionyesha kwamba kwa watu walio katika hatari ya maradhi ya moyo, kulenga chini ya 120 kunaokoa maisha kuliko kulenga chini ya 140. Wengi waliinukuu 120 hiyo na wachache waliuliza ilipimwaje. Mshiriki alikuwa anaketi kimya, mashine imepangwa kusubiri dakika 5 ndipo ipime mara tatu na kutoa wastani, na katika vituo vingi mhudumu alikuwa ametoka chumbani. Ukiichukua namba iliyozaliwa katika ukimya ule ukaifanya lengo la mgonjwa anayepimwa katikati ya kelele za foleni, utamwongezea vidonge vya kutibu kelele. Wataalamu wenyewe wanakiri jambo hili wanapoweka mipaka tofauti kwa mtu yule yule: 140/90 akipimwa kituoni, 135/85 akijipima nyumbani, na 130/80 akivaa mashine ya saa 24.

Presha si peke yake. Ni wangapi kati yetu tumesikia, au tumesema, "nimekutwa na malaria mbili"? Hesabu hiyo inatokana na alama za kujumlisha za maabara. Katika utaratibu ule wa zamani, alama moja ni vimelea 1 hadi 10 katika sehemu 100 za kioo chini ya hadubini. Alama mbili ni 11 hadi 100 katika sehemu hizo hizo 100. Alama tatu ni 1 hadi 10 katika kila sehemu moja. Malaria mbili, kwa hiyo, si mara mbili ya malaria moja, ni kama mara kumi, na malaria tatu ni kama mara mia. Alama zile zinakupa mpangilio, nani yuko juu ya nani, bila kukuruhusu kujumlisha wala kugawanya, na mwaka 1946 mwanasaikolojia Stanley Smith Stevens alikwisha kuonya kwamba si kila namba inakubali kila hesabu. Zaidi ya hayo, mtu mzima aliyekulia ukanda wenye malaria nyingi anaweza kuwa na vimelea damuni na homa yake ikatokana na kitu kingine kabisa. Nimewahi kumwona mgonjwa akifurahi kwamba "ameshuka kutoka tatu hadi mbili" huku akiwa na dalili ya homa ya uti wa mgongo, shingo ngumu ambayo kila mtu pale alikuwa ameacha kuitazama.

Nisieleweke vibaya kwamba natetea tabibu wa kubahatisha kwa macho. Yuko mama mjamzito ambaye nilimtazama viganja na kope, nikaridhika, nikaandika kwamba damu inatosha, kwa kuwa maabara ilikuwa imefungwa na mimi nilijiamini. Siku mbili baadaye alipopimwa kwingine alikuwa na kiwango cha damu cha 6.1, wakati mjamzito anatakiwa asiwe chini ya 11. Alipona, na sifa si yangu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Meehl alikusanya tafiti zipatazo 20 zilizoshindanisha hukumu ya wataalamu na kanuni nyepesi za hesabu, na karibu kila mahali kanuni ilitoka sare au ilishinda. Wakubwa wa fani walimchukia kwa hilo. Lakini Meehl huyo huyo alikumbusha kwamba kanuni inaweza kutabiri vizuri kuwa fulani ataenda sinema Ijumaa kama ada yake, nawe ukijua amevunjika mguu asubuhi ya leo, huna haja ya kanuni. Kazi ya tabibu mbele ya namba, kwa maoni yangu, iko hapo: kuulizia mguu. Ulikuja kwa miguu au kwa bodaboda? Umekunywa chai ya rangi nzito? Mkanda ulikutosha? Hizi si porojo za kumliwaza mgonjwa, ni sehemu ya kipimo kama ulivyo mkanda wenyewe.

Na kuna namba ambazo hazikuwahi kupimwa. Miaka kadhaa kabla ya kustaafu nilitumwa kukagua zahanati moja, ambayo sitaitaja, nikafungua kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya taarifa za huduma za afya, na kukuta ukurasa mzima wa kina mama wenye 120/80, wa juu mpaka wa chini, kwa wino na mwandiko mmoja. Nikaomba kuiona mashine. Ilikuwa kabatini, na betri zilikuwa zimeisha miezi miwili nyuma. Muuguzi, ambaye alikuwa peke yake kwa siku yenye wagonjwa 70, alinitazama machoni akasema: "Mzee, fomu haipokei nafasi tupu." Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi mwenyewe katika enzi ya zebaki niliandika 130 na 140 kwa wingi unaotia shaka. Mistari ya mashine ile ilikuwa ya milimita mbili mbili, kwa hiyo 132 na 138 zilikuwepo pale zikinisubiri, ila sifuri ni rafiki wa mtu mwenye haraka. Kati ya 138 na 140 pana tofauti ya vidonge vya maisha yote.

Inanishangaza tunavyokuwa wakali sokoni na wapole hospitalini. Mkulima wa viazi amepigana na lumbesa, magunia yanayojazwa kupita kipimo, miaka na miaka, na mizani ya muuza nyama inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa muhuri. Mteja akipunjwa robo kilo, soko zima linasikia. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki mgonjwa hata mmoja aliyeniuliza mashine ninayomfunga mkononi ilihakikiwa lini, na laiti angeuliza, mara nyingi ningelazimika kutazama pembeni.

Ninachoomba ni kidogo. Wanaoandaa upimaji wa bure, ambao nia yao ni njema na wamewaokoa wengi, waweke viti vyenye egemeo kabla ya kuweka maturubai ya wageni rasmi, wawe na mikanda ya saizi mbili au tatu, wapime mara mbili, na kwenye karatasi waandike saa, mkono uliopimwa na kama mtu alipumzika. Neno "Presha" lisiandikwe kabisa na mtu aliyemwona mgonjwa kwa dakika moja. Liandikwe "rudia kupima kituoni ndani ya wiki mbili", isipokuwa namba iwe ya kutisha kama 180/110 na zaidi, ambapo mtu hapaswi kurudishwa nyumbani na karatasi, anapaswa kusindikizwa. Na sisi tunaopimwa tujifunze kuuliza swali lingine badala ya "ninayo au sina": tuulize namba hii imepatikanaje, na kwa mtu kama mimi dawa itanipa nini na kuninyima nini.

Jirani yangu nilimwazima mashine na mkanda mpana. Kwa siku 7 alijipima asubuhi na jioni, akaandika katika daftari la shule la mjukuu wake, pamoja na maelezo ambayo sikumwomba: "nimegombana na mpangaji", "sijalala, msiba", "kimya, mvua". Namba ya juu kuliko zote ilikuwa 147 na ya chini 122. Tuliziacha za siku ya kwanza, tukatafuta wastani wa zilizobaki tukapata 133/82, chini kidogo ya mpaka wa nyumbani. Nikamweleza kwamba hana haja ya kuanza dawa leo, kwamba chumvi na uzito wa mwili havina budi kushuka, na kwamba daftari lisitupwe kwa sababu njia anayoiendea si ya kupuuza. Akauliza kama hiyo maana yake ni kwamba hana presha. Nikamwambia anayo, kama mimi, na kwamba yake tutaitazama.

Jumatatu alilipeleka daftari kituo cha afya. Mhudumu alilisoma lote kwa heshima, hadi kwenye mvua na msiba, kisha akageukia fomu na kumuuliza aandike ipi, kwa kuwa kisanduku kina nafasi ya namba moja. Wakaandika ya mwisho. Naomba wanaochapisha fomu hizo, kama wanasoma gazeti hili, watuongezee mistari miwili.

Wako,
Afisa tabibu mstaafu,
Morogoro